Rota ya Gari la Mwalimu

Githongo,
9 Januari 2024

Kaka yangu Kaimenyi,

Salamu kutoka kwenye baridi ya Githongo zikufikie huko kwenye jua la Siakago, wewe na Mama Ndwiga. Sisi tu wazima. Kahawa tumechuma yote na kiwanda kimeipokea bila kutusumbua. Binti yangu Nkirote ameacha kazi yake Nkubu akarudi kukaa nami. Sijui kwa nini, na simuulizi. Najua simu haikufai tena kwa sababu ya masikio, na hata hivyo sisi wawili tumeandikiana tangu ukiwa gereji Embu na mimi chuo cha ualimu. Sioni haja ya kubadilisha.

Jambo lenyewe ni gari langu, lile Pijo. Halijawaka tangu Krismasi. Nikizungusha ufunguo, injini inazunguka kwa nguvu, ngu-ngu-ngu-ngu, lakini haishiki. Nilimwita Bundi, fundi wa hapa sokoni. Alifungua boneti, akatazama, akafunga, akasema atarudi. Hajarudi. Shule zimefunguliwa wiki hii na mimi sina namna ya kufika kazini.

Niambie nianzie wapi.

Mdogo wako,
Muthomi


Siakago,
27 Januari 2024

Mwalimu,

Barua yako nimepata, asante. Huku tuko salama, ila mvua ilituacha mapema na ndengu zimekauka kabla ya kuzaa vizuri. Mbuzi wako sawa. Ndwiga mwanangu bado anafundisha pale sekondari, na jioni anapita kuniona.

Umesema shule zimefunguliwa. Wewe ulistaafu mwaka wa 2013, nami nilikuja kwa sherehe nikala mbuzi wako. Labda wamekuomba uwasaidie kidogo. Ni vizuri.

Sasa gari. Kama injini inazunguka kwa nguvu, basi betri ni nzima na stata ni nzima. Hizo ziache. Gari ya zamani inataka vitu viwili ili iwake: petroli na moto. Vuta bomba la petroli pale kwa kabureta, mtu akuzungushie ufunguo kidogo, uone kama petroli inaruka. Halafu chomoa waya mmoja wa plagi, uweke plagi ya zamani kwa huo waya, uilaze juu ya chuma cha injini, na huyo mtu azungushe tena. Angalia kama kuna cheche ya bluu. Usishike plagi na mkono, itakurusha.

Niandikie ulichoona, sio unachodhani.

Kaimenyi


Githongo,
18 Februari 2024

Kaka yangu,

Tumepokea salamu zako kwa furaha. Kendi anakusalimu sana na anasema mlete ndengu mkija, hata hizo zilizokauka.

Nimefanya kama ulivyosema. Petroli inaruka, imenimwagikia shati. Plagi haitoi cheche, hata kidogo. Tulijaribu mara tatu, Nkirote akizungusha ufunguo. Hakupenda kazi hiyo. Mara ya tatu alishuka akaingia ndani, na nilimkuta jikoni ameegemea ukuta. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema ni moshi wa kuni.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu barua yako ilipotea, kisha nikaipata ndani ya kabati la vyombo.

Muthomi


Siakago,
11 Machi 2024

Mwalimu,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Mama Ndwiga amekuwa na malaria lakini ameanza kula.

Salamu za Kendi nimezisoma. Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu ya hizo salamu. Tulimzika mkeo Kendi pamoja, Mwalimu, miaka minne iliyopita, na wewe ndiye ulisoma historia yake mbele ya watu. Pengine kalamu iliteleza. Nami nikiandika wakati mwingine inateleza.

Petroli iko, moto hakuna. Hiyo ni habari njema, tumejua upande wa kutafuta. Fungua distributa. Ni kile kikopo cheusi chenye waya tano juu. Kina vibanio viwili vya chuma pembeni, visukume na bisibisi, kifuniko kitatoka. Usichomoe waya. Tazama ndani, halafu uniandikie kila kitu unachokiona, kama vile ungemwambia mtoto wa darasa la nne achore.

Kaimenyi


Githongo,
2 Mei 2024

Kaka yangu,

Poleni kwa malaria. Huku mvua imeshika vizuri na njia ya kwenda kiwandani imekuwa matope matupu. Mimi nina afya.

Nimefungua distributa. Nilichoona ndicho hiki. Kifuniko kwa ndani kina vyuma vinne vidogo, vimezunguka, na kimoja katikati. Ndani ya kikopo, upande mmoja, kuna kidude kinachofunguka na kufungika. Katikati kuna mhimili mfupi wa chuma, umesimama mtupu. Juu yake hakuna kitu. Nimeuchora nyuma ya karatasi.

Nasubiri jibu lako. Watoto wa darasa la saba wana mtihani mwezi ujao.

Muthomi

[Nyuma ya karatasi, chini ya mchoro, kwa mwandiko mwingine:]

Baba Mkubwa, ni mimi Nkirote. Amenipa barua niipeleke posta na nimeisoma, unisamehe. Unajua kinachokosekana juu ya huo mhimili. Ni mimi nilimwomba Bundi atoe. Mwezi wa kumi na mbili Baba alitoka asubuhi akiwa amevaa suti, akisema anaenda shuleni. Tulimpata jioni ng'ambo ya Nkubu, gari liko katikati ya barabara, amelizima, hajui nyumbani ni wapi. Daktari amesema ubongo wake unapungua na hautarudi. Ufunguo anauvaa shingoni, hata akioga. Nikiugusa ananipiga. Ndiyo maana nikamwomba Bundi. Tafadhali usimwambie. Mwambie chochote, lakini gari lisiwake.


Siakago,
20 Mei 2024

Mwalimu,

Mama Ndwiga amepona na ameshuka shambani. Ndwiga anakusalimu.

Nimeangalia mchoro wako. Umechora vizuri. Huo mhimili uko sawa, ndivyo unavyokaa. Shida ni kile kidude kinachofunguka na kufungika. Kinaitwa pointi. Zimechakaa. Za gari kama hiyo hazipatikani hapa, itabidi nimtume mtu anitafutie Nairobi, na itachukua muda.

Kwa sasa toa plagi zote nne, uzisugue na msasa mwembamba mpaka chuma kiwe cheupe. Kifuniko ukipanguse na kitambaa kikavu. Hiyo ni kazi ya kufanya polepole, kila siku kidogo.

Usiharakishe.

Kaimenyi


Githongo,
23 Juni 2024

Kaka yangu,

Salamu zangu nyingi kwenu. Mahindi yamefika kiunoni. Nkirote amepunguza kunisumbua.

Plagi zimekuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Nimezipanga kwa mfuatano juu ya gazeti, moja hadi nne, na nimeandika namba zake ili zisichanganyike. Kila asubuhi nikimaliza chai naenda garini. Nimepangusa kifuniko, nimepangusa waya, nimepangusa hata boneti kwa ndani. Sijafurahia kazi hivi tangu tulipokuwa vijana, ukiniruhusu nikushikie tochi.

Bundi alipita akaniona. Nilimwonyesha barua yako kuhusu pointi. Aliisoma mara mbili, kisha akasema, "Mzee wa Siakago anajua kazi." Akaondoka haraka.

Pointi zimepatikana?

Muthomi


Siakago,
5 Julai 2024

Mwalimu,

Sisi wazima. Jua ni kali.

Pointi bado. Nafikiri pia koili ina shida, kile kichupa cha chuma pembeni ya betri. Kipanguse, ukaze waya zake, uangalie kama kina joto. Hiyo nayo nitatafuta.

Endelea na usafi.

Kaimenyi


Githongo,
28 Julai 2024

Kaka yangu Kaimenyi,

Leo ni Jumapili na nimeamka kichwa kikiwa chepesi, kwa hiyo naandika upesi kabla hakijajaa ukungu. Natumaini nyote hamjambo.

Najua Kendi amekufa. Najua nilistaafu. Nimesoma barua zako zote tangu Januari, nimezipanga kwa tarehe juu ya kitanda. Mpaka mwezi wa tatu unaandika kama fundi. Kuanzia mwezi wa tano unaandika kama Nkirote anavyoongea nami, kwa upole. Unaniambia nisiharakishe. Wewe hujawahi kumwambia mtu hivyo. Ulikuwa unasikia gari likiingia gereji ukiwa bado unakula, ukasema ugonjwa wake kabla dereva hajashuka. Sasa miezi saba hujui gari langu lina nini?

Kaka, kuna kitu kinaniacha kila siku. Nakisikia kikiondoka. Nkirote ananikatia nyama. Bundi ananijibu akitabasamu. Mchungaji ananishika bega. Katika wote hao, wewe peke yako ulikuwa bado unaniuliza nimeona nini, na ukaamini nilichoona. Ukianza kunidanganya na wewe, sina mtu.

Kama gari limekufa, niambie limekufa. Kama kuna kitu juu ya ule mhimili, niambie ni kitu gani.

Muthomi


Siakago,
10 Agosti 2024

Muthomi,

Sina habari za nyumbani leo.

Nilikudanganya. Kinachokosekana kinaitwa rota. Ni kipande cheusi, kidogo kama kidole gumba, chenye chuma juu. Kinakaa juu ya huo mhimili, kinazunguka, kinagawia kila plagi moto wake. Bila hicho injini itazunguka mpaka betri ife na haitashika. Rota haianguki yenyewe. Nilijua siku ile niliposoma barua yako ya Mei.

Usimlaumu mtu. Waliogopa.

Nimetafuta kwa sanduku langu la vipuri nikapata ya gari ya aina yako. Nimeifunga ndani ya kipande cha jezi, iko kwa hiki kifurushi. Ina mtaro upande mmoja, itakaa kwa njia moja tu. Isukume mpaka ikatae. Rudisha kifuniko, na plagi zote nne mahali pake. Washa.

Lakini nisikie. Washa uisikilize, uiache ingurume dakika kumi, halafu uzime. Usitoke langoni. Nakuomba kama kaka yako, usitoke langoni. Andika maneno hayo kwa karatasi uyabandike kwa usukani.

Nkirote sijamwambia.

Kaimenyi


Githongo,
8 Septemba 2024

Kaka yangu Kaimenyi,

Natumaini uko salama mahali ulipo, kwa maana nilikuja Siakago na sikukukuta.

Gari liliwaka mara ya kwanza nilipozungusha. Lilinguruma mpaka kuku wakakimbia. Kulikuwa na karatasi kwenye usukani, imeandikwa kwa mwandiko wangu, inasema nisitoke langoni. Sikuelewa aliyeniagiza niandike hivyo ni nani, nikaitoa. Barabara nilikuwa naijua yote, Nkubu, Chuka, Runyenjes, kila kona. Gari lilikwenda vizuri sana. Mahali fulani lilipiga kitu, nadhani ni shimo.

Kwako nilimkuta mzee mmoja, hasikii, mikono yake ina weusi wa mafuta usiotoka. Nikamwambia kwa sauti namtafuta kaka yangu Kaimenyi, fundi, nataka kumwonyesha gari. Alinitazama mdomoni. Nikarudia. Alishika mlango wa gari akaanza kulia mbele yangu, mtu mzima hivyo. Nilimwuliza amefiwa na nani. Mke wake alinipa uji wa mtama, akaniita Mwalimu, kwa hiyo labda niliwahi kufundisha watoto wao. Kisha yule mzee akanivua ufunguo shingoni. Nilimkataza, lakini ana nguvu.

Nkirote alikuja na gari la kukodi akanirudisha. Haongei nami.

Ukirudi kwako, tafadhali mwombe huyo mzee ufunguo wangu. Anaonekana mtu mwema, usimgombeze.

Muthomi


Siakago,
29 Septemba 2024

Mwalimu, na wewe Nkirote utakayeisoma kwanza,

Sijui nisalimu vipi. Mama Ndwiga anawasalimu.

Nkirote, ulimwambia Ndwiga kwa simu kwamba hutaki kuona barua yangu tena nyumbani kwenu. Una haki. Uliniomba jambo moja nami nikakubali, kisha nikafanya kinyume chake kwa siri, kwa sababu ndugu yangu aliniambia hana mtu na nikataka awe na mtu. Nilijua ni gari ya kilo elfu na zaidi. Nilijua hawezi kukumbuka lango. Niliandika usitoke langoni ili moyo wangu ulale.

Muthomi, yule mzee ni mimi. Nimeandika hivyo hapa ili iwe imeandikwa mahali, hata kama hutaielewa.

Gari haikupiga shimo. Taa ya kushoto ilikuwa imevunjika, na kwenye kioo chake kulikuwa na uzi wa leso ya kujifunga kiunoni. Niliiona kabla sijakuona wewe, ulipokuwa bado unafungua mlango. Siku ya tatu polisi walifika na Ndwiga akanitafsiria kwa kuandika. Ni mama mmoja anaitwa Nelius, anauza ndizi kando ya barabara kabla ya Runyenjes. Mguu umevunjika mara mbili, na nyonga. Hukusimama. Watu walipiga kelele, na wewe ukawapungia mkono.

Polisi waliandika maelezo yangu yote. Nimewaambia rota ilitoka kwangu. Wakaniuliza kama najua nilichofanya, nikawaambia nimekuwa fundi miaka arobaini na sita.

Nimeitoa hiyo rota nikaivunja na nyundo. Gari nimeiacha kwa uwanja wao, hainihusu tena.

Naenda hospitali kila Alhamisi. Mara ya kwanza Nelius aligeuka ukutani. Mara ya pili dada yake Sheila alinifukuza, na mara ya tatu akaniachia kiti. Mimi sisikii, kwa hiyo wanaandika kwa daftari. Nelius ana miaka thelathini na nne. Daktari amesema atatembea kwa magongo, pengine, na kubeba mkungu hatabeba tena. Alhamisi iliyopita alichukua daftari mwenyewe akaandika swali moja. "Aliyenigonga ameomba msamaha?"

Nikaandika ndiyo.

Nkirote, huo ni uongo wangu mwingine na siwezi kuusimamia peke yangu. Keti na baba yako siku ambayo ni afadhali. Mpe karatasi, mwambie jina la huyo mama, mwambie alimuumiza mguu. Usimweleze zaidi, ataogopa. Aandike kwa mkono wake. Halafu unitumie, na hutasikia kutoka kwangu mpaka utake mwenyewe.

Kaimenyi


Githongo,
20 Oktoba 2024

Nelius,

Mimi ni Mwalimu Muthomi. Nimefundisha watoto wengi na majina yananitoka, kwa hiyo usione vibaya nikikosa kukumbuka sura yako. Binti huyu aliyeketi karibu nami ameniambia kwamba nilikuumiza mguu.

Ni kweli zamani tulichapa. Wengine tuliwachapa miguuni, tukaamini tunawasaidia. Nimejaribu kukumbuka ulikuwa umekosa nini na sikumbuki. Nadhani hukukosa kitu. Nadhani ulikuwa tu mahali pako na mimi nikapita.

Nisamehe.

Kama mguu bado unauma, usiende dawati la nyuma. Njoo ukae mbele, karibu na mlango. Na wengine wakisimama nikiingia darasani, wewe usisimame.

Mwalimu Muthomi